Niliichoma Karatasi ya Mume Wangu

Mwezi wa Juni mwaka 2012, hapa Durban, nilimpoteza mume wangu, Baba Furaha. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, nasuka nywele katika saluni ya rafiki yangu. Watu waliambiwa ni moyo uliomuua. Ni kweli... lakini si kweli yote.

Baba Furaha alikuwa na gari dogo la mizigo, alilolinunua kwa mkopo. Aliwabebea wafanyabiashara wa Isipingo bidhaa zao. Kazi ilipopungua, barua za deni zikaanza kuja. Niliogopa mno!

Ndipo mteja mmoja wa saluni akanipeleka kwa Mkongomani mwenzetu tuliyemwita Maître, kama tunavyowaita wanasheria kwetu, ingawa sheria hakuisomea. Alitufundisha sebuleni kwake, Cato Manor. Alisema jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye barua si wewe, ni kampuni iliyoundwa na serikali. Deni ni la kampuni hiyo! Wewe mtu hai hudaiwi, wala sheria yao haikugusi. Warudishie barua yao ikiwa na alama ya kidole chako kwa wino mwekundu, basi.

Nilimwamini. Kwa nini? Kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Mume wangu alicheka. "Mama Furaha, hii kidole yangu iko na nguvu kushinda banki?" Lakini nilimsumbua hadi akakichovya. Watu wa benki wakaja kulichukua gari Isipingo, penye kituo cha teksi. Aliwaonyesha karatasi yenye kidole chekundu, kama nilivyomwagiza. Dereva mmoja akapaza sauti, "Eish, baba! Na taa ya robot barabarani ikiwa nyekundu, utaionyesha hiyo?" Kituo kizima kikacheka. Mume wangu alirudi nyumbani kwa miguu. Hakunilaumu.

Maître akasema tumeshindwa kwa sababu bado tunabeba vibali vya ukimbizi. Utakuwaje huru na karatasi ya serikali mfukoni? Siku ya kuvirefusha ilikuwa imekaribia. Asubuhi moja, mume wangu akiwa anaoga, nilivitoa vibali vyetu ndani ya Biblia yake, nikavitia kwenye mbabula, jiko letu lenye makaa ya moto.

Alipojua, alikaa chini tu. "Mama Furaha, sasa tutaenda wapi?" aliniuliza taratibu.

Kifua kikaanza kumbana. Alitaka hospitali, lakini alihofu kwamba bila kibali wangemkabidhi kwa polisi, arudishwe Kongo. Nami nilimwambia asubiri kidogo... Alipoanguka, majirani ndio waliombeba. Muuguzi hakuuliza karatasi yoyote! Aliuliza tu kwa nini tulichelewa. Mume wangu akafariki kabla ya jioni.

Wenzetu walichanga, tukamzika. Lakini kwenye matanga watu walisema marehemu alikuwa na kichwa kigumu, eti alichoma vibali mwenyewe. Nami nilinyamaza! Niliwaacha wamseme mtu asiyeweza tena kujitetea. Jamani, mke gani huyo?

Ndugu wasomaji, kama mnadaiwa, nendeni mkaongee na anayewadai, hata kama mtatukanwa. Pangeni foleni ya kibali, hata kama ni ndefu. Na usimbebeshe mwenzako imani ambayo hukuijaribu kwa mwili wako mwenyewe. Mimi nilijaribu kwa mwili wa mume wangu.

Siku ya kumaliza matanga, kaka yake mkubwa alisimama mbele ya watu. "Mdogo wangu alijiua kwa ujinga wake," alisema. Binti yetu Furaha akainamisha kichwa.

Hapo nikasimama. "Shemeji, si yeye alichoma. Ni miye."

Hakuna aliyegusa tena chakula. Shemeji hakunitukana. Alichukua koti lake, akamshika Furaha mkono, wakatoka.