Kadi ya Mashine ya Randa

Haya yalimpata rafiki yangu Uwimana, na Uwimana si mtu wa kutia chumvi. Mumewe, Nsabimana, alikuwa fundi wa mashine katika karakana ya mbao pale Gisozi, na Uwimana ndiye karani wa stoo yake. Nsabimana alipofariki na matanga kwisha, bosi akaleta kompyuta mpya, ile inayowakumbusha mafundi siku ya kuhudumia kila mashine, akamwambia Uwimana:

"Mama Kaze, pole sana. Hamishia humo kadi zote za huduma alizojaza marehemu, kila moja uiunganishe na mashine yake. Ukimaliza, jina la mumeo tutalifuta kwenye orodha ya mafundi."

Basi akabakiza moja, ya randa, akashindwa kuigusa. Nsabimana alikuwa akimaliza kuihudumia randa anaigonga mara tatu kwa spana, anaiambia, "Pona, mama," kisha anatia dole gumba lenye grisi kwenye mstari wa kadi, ndiyo sahihi yake.

Mchana mmoja, wenzake wametoka kula, yeye amebaki stoo na kadi ile, umeme ukakatika. Stoo haina dirisha, giza totoro. Kule karakanani kukasikika: ko, ko, ko.

"Baba Kaze?" Uwimana akaita.



Umeme uliporudi, kwenye mstari wa mwisho wa kadi, uliokuwa mtupu, palikuwa na alama ya dole gumba. Uwimana akaigusa. Grisi ilikuwa na joto, joto la mtu.