Nimeziba Bomba kwa Kiganja, Kaka Akanifungia Kabatini

Kaka yangu wa damu alinifungia kabatini huku nimeziba bomba la maji kwa kiganja changu!

Usicheke. Soma kwanza.

Naitwa Lorna. Mama yangu, Enid, anakaa peke yake hapa Barnsley, Uingereza, kwenye nyumba ile ile aliyoingia akiwa bi harusi. Baba alipokuwa anakata roho alinishika mkono, akaniomba mama asitolewe kwenye nyumba yake maisha. Nikamwahidi. Na mimi nikiahidi, nimeahidi.

Kaka yangu Russell yeye ana wimbo mmoja tu. Mama ahamie kwenye vile vifleti vya wazee karibu na soko. Kila akifungua mdomo ni vifleti. Siku moja nikamchana, nikamwambia kama unaitaka nyumba ya mama sema tu, usizunguke. Tukanuniana hadi Krismasi ikapita.

Basi Januari hii nyumba ikapoa. Boila ya kuchemshia maji inawaka vizuri, lakini redieta zote za ukutani, zile zinazopasha vyumba joto, ni barafu. Mama kajikunyata kwenye kochi na blanketi, kikombe cha chai hakimtoki mkononi.

Nikajua tu ni pampu, ile inayosukuma maji ya moto yazunguke nyumba. Ilikuwa ya enzi za baba, kutu tupu, siku zote ikinguruma kama mzee mwenye mafua, na sasa imenyamaza. Sikuangalia kitu kingine. Nikanunua mpya, nikabeba spana zangu, huyo nikaenda.

Russell naye akatokea, eti amekuja kusaidia. Nikashangaa, lakini nikampa tochi ashike.

Pampu ya mama iko ghorofani, ndani ya kabati la kukaushia mataulo. Unaingia kwa kutambaa. Ina koki mbili, ya juu na ya chini. Ukizifunga zote, unatoa pampu bila kumwaga maji ya nyumba nzima. Nikazifunga. Nikalegeza nati. Pampu ikatoka.

Kumbe koki ya juu ilishakufa siku nyingi...

Maji meusi yakanirukia usoni! Nikalibana bomba kwa kiganja, nikampigia Russell kelele apande darini akazibe tangi linaloleta maji kwenye mabomba.

Hakupanda.

Alinitazama pale chini, mikono juu, matope usoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, dada."

Akafunga mlango wa kabati. Nikasikia komeo linaingia.

Giza. Kiganja juu, magoti yamekunjwa, maji yananichirizikia mpaka kwapani. Chini yangu ni sebule ya mama. Nikiachia tu, dari lote linalowa, zulia, kochi, picha ya harusi yao. Nikabaki pale kama nimegundishwa.

Sasa sikia. Mabomba yanapita kwenye tundu la sakafu, na tundu lile linapitisha sauti.

"Mama, vaa koti. Kwa sasa hawezi kushuka."

"Viatu je?"

"Utavalia kwenye gari."

Jamani! Anamtorosha mama!

Niliita mpaka sauti ikakauka. Mama, usiende naye! Mama! Hakuna aliyejibu. Nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa, na upepo wa nje ukapanda mpaka kwenye tundu langu.

Nililia, sitaficha. Nikiachia, naiharibu nyumba niliyoapa kuilinda. Nisipoachia, mama ananiponyoka.

Nikaachia.

Niliupiga teke ule mlango mpaka komeo likang'oka, nikashuka ngazi nimelowa chapachapa. Nyuma yangu maji yalishaanza kutoboa dari la sebule.

Mama alikuwa mlangoni. Kavaa koti lake zuri la kanisani. Begi liko miguuni, limepangwa vizuri, siyo la haraka haraka.

Nikamrukia Russell kwenye kola. Nikamwita mwizi, mtu asiye na haya.

"Mwache," mama akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia afunge mlango."

Nikaiachia kola.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo cheupe, akaniwekea kwenye kiganja kile kile kilichokufa ganzi. Fyuzi. Fyuzi ya swichi ya pampu. Pampu ya baba ilikuwa nzima kabisa. Mama ndiye aliyechomoa fyuzi.

"Nilidhani nyumba ikipoa utasema basi, mama, twende," akasema. "Ukaenda ukanunua pampu."

"Mama, si ungeniambia tu..."

"Nilikwambia ngazi zinanichosha, ukafunga vyuma vya kushikia. Nikakwambia naona upweke, ukaniletea televisheni kubwa. Kila nikitaka kuondoka, unatengeneza kitu."

Nikamwambia nilimwahidi baba.

"Ulimwahidi yeye. Mimi hukuniuliza."

Russell akanipita, akapanda darini kuziba tangi. Dari la sebule likaanguka kipande, puu, juu ya kochi. Mama akaligeukia, halafu, nakuapieni, akacheka. Kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki.

Kumbe mwenye kufungiwa siku zote zile hakuwa mimi.

Sasa anakaa kwenye kifleti chake, dirisha linatazama soko. Joto mpaka anashinda na blauzi ya mikono mifupi. Ana shoga wa karata mlango wa pili, na mdomo umerudi.

Wewe unayesoma hapa, kama una mzazi unayemlinda, muulize anataka nini. Halafu funga mdomo usikie jibu lote, hata likikuuma.

Jumapili nilienda kumsalimia. Bomba lake la jikoni linavuja, tone, tone. Mkono ukaanza kuniwasha.

"Mama," nikasema, "unataka nilitengeneze?"

"Hapana. Kaa unywe chai."

Nikakaa.