Mtego wa Ijumaa

Mwili ulikuwa umeketishwa ndani ya tanuru la kale la kuyeyushia chuma, magoti yamekunjwa hadi kifuani, khanga imevutwa kichwani kana kwamba mtu anajikinga na upepo.

Kija ndiye aliyeukuta. Alikuwa anamfuata ndama aliyepotea. Alimwamkia yule mtu shikamoo, kimya. Akamwamkia tena. Kisha upepo ukaifunua ile khanga, naye akakimbia hadi nyumbani bila ndama.

Inspekta Redempta alifika Jumapili asubuhi, koti limefungwa mpaka shingoni. Baridi ya Ufipa mwezi wa sita haina huruma na mtu. Aliinama kwenye mdomo wa tanuru, akamtazama marehemu usoni kwa muda mrefu.

"Nani anamjua?"

"Mimi, afande," alisema Koplo Meshack. "Ni Gaudiosa, mwenye mashine ya kukamua alizeti kule mjini. Mimi nanunua mafuta kwake."

"Ulikuwa unanunua."

Daktari wa polisi alimaliza haraka. "Amenyongwa kwa mikono. Alama za vidole hizi hapa shingoni."

"Lini?"

"Ijumaa jioni. Au Jumamosi. Baridi hii inavuruga kila kitu, siwezi kuapa."

Inspekta aliishika mikono ya marehemu. Ilikuwa na mafuta, na mashudu meusi ya alizeti yameganda kwenye kucha. Ametolewa kazini, akawaza. Hakufia hapa.

"Mbona dole gumba la kulia ni safi?" aliuliza.

Daktari alitazama. Ni kweli. Vidole tisa vilikuwa na mafuta. Kimoja kilikuwa kimefutwa vizuri, kama kikombe cha mgeni.

"Na simu yake?"

"Haipo, afande," alisema Meshack.

Nyuma yao kelele zilikuwa zinapanda. Watu wa Kasense walikuwa wanatoka misani, na nusu yao walipitia pale. Shamba lile lenye tanuru lilikuwa la Mayunga, mume wa Kija, mfugaji Msukuma aliyesimama kando ya tanuru. Tayari kijana mmoja alikuwa ameokota jiwe.

"Mchunga ng'ombe ameua dada yetu! Tukachome!"

"Wewe mwenye jiwe," Inspekta alisema bila kupaza sauti. "Jina lako nani? Njoo uandikishe."

Jiwe lilianguka.

Pikapu nyeupe ilisimama barabarani. Mwanamume alishuka akikimbia, viatu vina magamba ya samaki. Alikuwa Felisian, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa dagaa. Alianguka magotini mbele ya tanuru, akalia kwa sauti kubwa.

"Dada! Nilikwambia usikanyage hapa peke yako!"

Inspekta alimwacha alie. Alipotulia, alimuuliza, "Kwa nini asikanyage?"

"Kwa sababu ya huyu Mayunga, mama. Tuna kesi kwenye baraza la ardhi. Shamba hili ni la ukoo wetu. Babu yetu mkuu, mfua chuma, amezikwa chini ya tanuru hili na nyundo yake kifuani. Wanawe watatu wakapanda mikaratusi mitatu kichwani pake, ile pale, kila mmoja wake, kabla Mjerumani hajakanyaga Ufipa. Ardhi yenye kaburi la ukoo haiuzwi. Huyu anadai baba yake aliuziwa na baba yake Gaudiosa. Wote wawili wamekufa. Baraza linakaa tena Jumatano, na dada alikuwa shahidi wangu."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Kipili, kule ziwani, tangu Ijumaa usiku. Nilifuata dagaa. Muulize yeyote pale mwaloni wanaposhusha samaki. Dada aliniandikia jana mchana, ona." Alitoa simu. Ujumbe ulisema: *Kaka nakwenda kwa Mayunga. Ameniita tuongee mambo ya shamba.*

Umati uliusikia. Ule mnong'ono uliopita pale, Inspekta alikuwa ameshausikia mara moja maishani mwake, na usiku wa siku ile watu walichomewa nyumba.

Alimfunga Mayunga pingu. Ilikuwa njia pekee ya kumtoa pale akiwa hai.

*

"Gaudiosa alikuwa shahidi wa nani?"

"Wangu," alisema Mayunga. Alikuwa amekaa wima kwenye benchi la kituo, mikono juu ya mapaja.

"Felisian anasema wake."

"Wangu, mama. Alikuja Alhamisi. Akasema, 'Mayunga, usihame. Mimi nilikuwa mtoto, nilimshikia baba ndoo ya maji wakati anapanda hiyo mikaratusi. Na nilikuwapo siku anamuuzia baba yako. Nitasimama niseme.'"

"Nani mwingine alimsikia?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe hawaapishwi."

"Najua. Ndiyo maana niko hapa."

Inspekta alikaribia kucheka. "Jumamosi ulimwita?"

"Sina hata namba yake."

"Leo usiku utalala hapa. Na mke wako na watoto nimewapeleka parokiani."

Mayunga aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. "Watachoma?"

"Nimeweka askari wawili."

"Watu ni wengi, mama."

Mkuu wa upelelezi wa mkoa alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Alitaka mtu afikishwe mahakamani kabla mji haujawaka, na mtu alikuwa tayari yuko ndani. Ushahidi ulitosha kwa mtu mvivu: shamba ni lake, ugomvi ni wake, ujumbe una jina lake. Inspekta Redempta hakuwa mvivu, lakini hakuwa na kitu kingine mkononi zaidi ya dole gumba safi.

*

Jumatatu, mwanamke mwembamba aliingia kituoni na mkoba wa safari. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri kutoka Kasanga.

"Naitwa Atusaye. Ni muuguzi. Nimekuja kwa habari ya Gaudiosa. Nimesikia mnasema alikuwa hai Jumamosi. Si kweli. Alikufa Ijumaa."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi kumwona."

"Samahani?"

"Ni rafiki yangu wa mtandaoni. Mwaka wa nne sasa. Na nilipiga simu hapa Jumamosi kuwaambia. Askari akacheka. Akaniuliza, yaani mtu kakosea habari ya mafuta ya kupikia, ndiyo amekufa?"

Koplo Meshack aligeukia dirishani.

"Kaa, dada," alisema Inspekta. "Nieleze hayo mafuta."

Atusaye alieleza. Walikuwa na kundi la WhatsApp, linaitwa Zama Zetu. Wapenzi wa riwaya za kihistoria, kutoka Mbeya, Tabora, Bukoba, popote. Walikutana kwa kubishania vitabu. Baadaye wakaanza kutunga wenyewe. Kila Ijumaa jioni mmoja anatuma sura aliyoitunga, ameisoma kwa sauti yake, na ndani yake ameficha kosa moja la makusudi: kitu ambacho zama zile hakikuwapo. Wanauita mtego. Anayeuona kwanza anaitwa mheshimiwa wiki nzima.

"Na Gaudiosa?"

"Alikuwa mheshimiwa mpaka tukamchoka." Atusaye alitabasamu, tabasamu likafa. "Ijumaa hii ilikuwa zamu yangu. Nilitunga habari za wafua chuma wa hapa kwenu, zamani sana. Mke wa mfua chuma anakaanga kumbikumbi kwa mafuta ya alizeti. Nilimwekea alizeti yeye kabisa, kama zawadi. Nilijua atanirukia. Angesema, 'We Mnyakyusa, alizeti babu zangu wangeijulia wapi? Ilikuja na wageni juzi tu!' Angecheka mpaka akohoe."

"Akasema nini?"

Atusaye alisukuma simu mezani. Jumamosi asubuhi, kwa jina la Gaudiosa: *Nzuri sana. Hongera mwandishi. Mungu akubariki.*

"Hajawahi kuniita mwandishi," alisema Atusaye. "Ananiita Mnyakyusa, au ananiita mwizi wa ndizi. Nilisoma hayo maneno, nikaamka, nikafunga mlango kwa ufunguo. Sijui kwa nini. Nilihisi kuna mtu yuko ndani ya simu yake ananitazama."

Inspekta alitazama dole gumba lake mwenyewe.

"Simu yake aliifunguaje?"

"Kwa kidole. Alikuwa analalamika kila siku, mikono ikiwa na mafuta haifunguki mpaka ajifute."

Inspekta aliiona akilini mashine ya kukamua, imezimwa. Aliona mtu amepiga magoti sakafuni kando ya mwanamke aliyelala, anakifuta kidole chake kwa makini, kisha anakibonyeza kwenye kioo.

"Koplo. Andikia kampuni ya simu. Nataka mnara uliotuma huo ujumbe wa Jumamosi. Leo hii. Wakikwambia kesho, waambie nakuja mwenyewe." Akamgeukia Atusaye. "Aliwahi kukueleza habari za shamba?"

"Si shamba. Hadithi. Alikuwa na hasira sana. Alisema kuna kaka yake alimwomba amtungie historia ya ukoo, akaisome kwenye sherehe ya familia. Akampa sura aliyokuwa ametutumia sisi wakati wa masika. Juzi juzi akasikia kaka huyo ameisema mbele ya baraza, kama ushahidi."

Inspekta alisimama. "Sura hiyo unayo?"

*

Jioni ile Felisian aliingia na kitambaa cheusi mkononi. Inspekta alimpa kiti, akamsomea onyo lake: halazimiki kusema neno, na atakalosema litaandikwa. Felisian alishtuka kidogo.

"Mimi si mfiwa, mama?"

"Ni mfiwa. Nirudie ile habari ya babu yako. Nataka iingie vizuri kwenye faili la Mayunga."

Uso wa Felisian ulilegea. Akairudia. Nyundo kifuani. Wana watatu, mikaratusi mitatu, kila mmoja wake. Kabla Mjerumani hajakanyaga Ufipa.

"Nani alikusimulia?"

"Baba yangu. Naye alisimuliwa na baba yake."

"Una hakika?"

"Naapa."

Inspekta alibonyeza simu ya Atusaye.

Sauti ya Gaudiosa ilijaa chumbani, nzito, yenye kikohozi kidogo, lafudhi ya Kifipa haijifichi. Nyuma yake mashine ilisikika ikinguruma. *"Wakamzika chini ya tanuru lake, na nyundo yake kifuani. Wanawe watatu wakapanda mikaratusi mitatu kichwani pake, kila mmoja wake. Na Mjerumani alikuwa bado hajakanyaga Ufipa..."*

Felisian hakutikisika. Jasho ndilo lilianza, juu ya mdomo, katika baridi ile.

Sauti ilimaliza kusoma. Ikacheka. *"Haya, waheshimiwa. Nani ameuona mtego?"*

Inspekta akazima.

"Mikaratusi, Felisian. Wajerumani ndio walioileta. Dada yako aliiweka pale kuwatania rafiki zake. Wewe ukaibeba mpaka barazani."

"Alinipa mwenyewe ile hadithi."

"Alikupa ukaisome kwenye sherehe. Umesema sasa hivi ulisimuliwa na baba yako. Lipi niandike?"

Felisian alikunja kile kitambaa cheusi.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kipili. Nimeshasema. Watu waliniona."

"Vizuri. Na simu ya Gaudiosa ilikuwa wapi?"

"Nitajuaje?"

"Kipili," alisema Inspekta. Akaweka karatasi ya kampuni ya simu mezani. "Ujumbe wa kuniita mimi nimkamate Mayunga ulirushwa na mnara wa Kipili. Wa kumpongeza rafiki yake pia. Mwenyewe alikuwa ameshakaa ndani ya tanuru. Na kwenye pikapu yako, chini ya makapu ya dagaa, koplo amekuta mashudu ya alizeti. Dagaa hawali mashudu."

Felisian aliangalia mlango, kisha mikono yake. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Nilimfuata Ijumaa kwenye mashine. Nilikwenda kumwomba tu. Nilimwambia, dada, nyamaza. Sikuombi useme uongo. Nyamaza tu, Jumatano usije. Baba yako aliuza, sisi wengine tukabaki bila kitu, Msukuma anavuna alizeti pale kila mwaka mbele ya macho yangu. Kaniambia niende nikafute kesi, la sivyo atasimama. Nikamwambia utamtetea mtu baki dhidi ya damu yako? Akacheka."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kaka, hata mtego huuoni.' Sikujua anasema nini. Nilidhani ananitishia. Niliona ana kitu amenifichia, atanivua nguo mbele ya baraza. Nikamshika shingo anyamaze. Akanyamaza."

"Ukamfuta kidole."

"Nikamfuta. Simu ikafunguka, sikuiacha ijifunge tena."

"Ukampeleka shambani kwa Mayunga."

"Nilijua watamchoma kabla hamjauliza."

Meshack aliandika mpaka mwisho. Felisian akatia sahihi. Inspekta alikusanya karatasi. Mayunga angelala kwake leo, na Kija angetolewa parokiani. Nje kwenye benchi Atusaye alikuwa anasubiri kupelekwa chumba cha maiti, kumwona rafiki yake kwa mara ya kwanza.

"Afande," Felisian aliita. Alikuwa amekunja uso kama mwanafunzi aliyekwama. "Ile hadithi ya rafiki yake. Niliisikiliza yote kabla ya kujibu. Ilikuwa nzuri kweli, mke anakaanga kumbikumbi. Kama nayo ilikuwa na mtego, kosa lilikuwa wapi?"

Inspekta Redempta alimtazama. Alitaka kusema alizeti. Neno likamkaa mdomoni, akaona si haki yake kulitoa.

"Mwenye kukujibu ulimnyonga," alisema, akafunga mlango.