Mtu Aliyepakata Mpira

"Gari yako imewasha taa nyekundu."

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi. Nasimiyu alikuwa bado anapiga mswaki.

Mtu mwingine angeenda kuangalia gari. Nasimiyu alitema povu, akachomoa bastola yake ya Glock nyuma ya debe la unga, akatoka mbio viatu vikiwa mkononi. Katika kitengo chao cha ujasusi, lugha ilikuwa ya dashibodi. Taa ya manjano: endelea na kazi, ila chunga. Taa nyekundu: acha kila kitu, mtu atakufa.

Dakika kumi baadaye Subaru Forester yake ilikuwa imepita Lanet ikielekea makao makuu, sindano ikilamba mia na arobaini, malori yakimpigia honi za matusi.

Simu ikalia.

"Ongea, Madam."

Wamuyu, mkuu wake, hakuwa na salamu. Watu ofisini walisema alizaliwa bila salamu, kama wengine wanavyozaliwa bila nywele.

"Kuna bomu. Ukubwa wa mkate wa nusu kilo. Limefichwa ndani ya gari moja ya kontrakta wa Olkaria. Hilux nyeupe ziko sita, zote pacha. Zinatoka yadi ya Karagita, kando ya ziwa, saa moja na nusu. Saa mbili ziko ndani ya geti ya mtambo wa umeme wa mvuke."

"Madereva?"

"Hawajui chochote."

"Nani ametuma?"

"Wageni. Wanataka tukae giza ndio waje kutuuzia majenereta."

"Basi tuzizuie barabarani, tuzipekue."

"Kuna mtu anazichunga, na ana simu ya kulilipua. Akiona polisi, anapiga. Akiona mbwa, anapiga. Na Karagita saa hiyo imejaa watoto wa shule." Karatasi ilisikika ikifunguliwa. "Jana tulinasa simu yao moja. Sikiza: 'Fundi wa Nakuru ameshafunga kwa dashibodi. Taa zote zinazima sawa.' Mwisho."

Nasimiyu alilipita lori. Wamuyu akaendelea:

"Huyo fundi, ukimjua, hata kama ni nani, nataka jina."

"Sawa, Madam."

"Na laini yako inarekodiwa kuanzia sasa."

Akakata.

Nakuru ina mafundi wa magari wengi kuliko mashimo ya barabarani, na mashimo hakuna aliyewahi kumaliza kuyahesabu. Angeweza kuwa yeyote. Lakini yale maneno, taa zote zinazima sawa, yalimkaa Nasimiyu kooni kama mwiba wa tilapia.

Kaka yake Masinde alikuwa na gereji kule Shabab, Nakuru. Ndiye aliyemlea tangu baba yao, mtu wa reli, alipozikwa. Ndiye aliyemfundisha kushika spana kabla hajajua kushika kalamu vizuri. Mjini walimwita Daktari wa Taa. Ukimpelekea gari linaloumwa, huenda ugonjwa ukabaki, lakini taa itazima. Wateja hawakulalamika. Watu wa huku hawatibu gari, wanatibu taa. Taa ikizima, gari limepona, tunashukuru Mungu, twende Bahati kwa shangazi.

"Asiwe yeye," Nasimiyu aliiambia Subaru.

Subaru ilinyamaza. Nayo ilikuwa imetibiwa na Masinde.

*

Saa moja na dakika mbili. Karagita.

Jamleck, mwenzake wa kazi, alimpokea nyuma ya duka la simiti akiwa na ovaroli ya bluu na mashine ya kusoma makosa ya gari. Kila asubuhi fundi wa kampuni hukagua zile Hilux kabla hazijatoka. Leo fundi huyo alikuwa ameshikwa na homa ya ghafla, homa ya serikali, na alikuwa akiugulia kwenye kiti cha nyuma cha gari la Jamleck.

"Mtu wetu yuko kwa kibanda cha chai ng'ambo," Jamleck alisema. "Koti la kijivu. Simu mbili mezani. Chai imepoa na hajaigusa. Mtu wa kuacha chai na mandazi ya hapa asubuhi hii ni mgonjwa ama ni mhalifu."

"Kaa karibu naye."

"Nishaagiza mandazi manne. Kazi ni kazi."

Nasimiyu alivaa ovaroli, akabandika kisikilizio sikioni, akaingia yadini akitembea kwa uvivu wa mtu anayelipwa mwisho wa mwezi.

Hilux ya kwanza. Akachomeka mashine chini ya usukani. Hakuna kosa.

Ya pili. Hakuna kosa.

Ya tatu, mashine ikapiga kelele: P0420.

Dereva wake, Kimaiyo, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, alishuka haraka kabla hajaitwa.

"Niaje, dada. Imesema nini?"

"Imesema egzosi haichuji moshi. Yale masega ya ndani hayafanyi kazi."

"Wacha!"

"Ama hayapo."

Kimaiyo aliangalia kushoto, akaangalia kulia. "Dada, tuongee kama watu wa kanisa. Ile kitu ilikuwa inakula mafuta. Nikaitoa."

"Ukaipeleka wapi?"

"Ikaenda tu."

"Ikaenda kwa miguu?"

"Dada, nina bibi na watoto."

Siku nyingine Nasimiyu angecheka mpaka machozi. Alichungulia chini, akaona bomba tupu lililochomelewa kama mguu wa meza. Kulikuwa na wizi hapo, lakini bomu halikuwepo. Akasonga mbele.

Ya nne, safi. Ya tano, safi. Ya sita, safi.

Saa moja na dakika kumi na nane.

"Jamleck," alinong'ona akijifanya kufuta kioo. "Hii mashine inasoma injini peke yake. Airbag ina kompyuta yake, na haiifikii. Nani alinunua hii takataka?"

"Tenda ya serikali," sauti ikajibu sikioni.

Maneno matatu, yakatosha.

Nasimiyu aliegemea mlango, akafikiri kama fundi. Ndani ya dashibodi, kitu cha ukubwa wa mkate kinakaa wapi? Pahali pamoja tu: mbele ya abiria, mnamokaa airbag, ule mfuko wa hewa unaokurukia usoni ukigonga. Itoe airbag, nafasi iko. Lakini ukiitoa, taa yake itawaka na haitazima. Ile taa nyekundu ya mtu aliyeketi amepakata mpira.

Na hawa walikuwa na taa inayozima sawa.

Njia ya kuidanganya taa hiyo aliijua. Aliionyeshwa akiwa darasa la saba, amekalia ndoo, katika gereji ya Shabab.

Mpango ni huu. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa zote huamka. Mtu aliyepakata mpira hujikagua kwa sekunde kama sita, kisha hulala mwenyewe. Birika, ile taa ya oili ambayo kila mtu huiita birika, hukesha mpaka injini iungurume. Sasa fundi mjanja humwunganisha yule mtu na birika. Wakaamka pamoja, wakalala pamoja. Dereva hatajua kamwe, kwa sababu Kenya nzima hakuna dereva anayeweza kukaa sekunde sita bila kupiga staata.

Nasimiyu alirudi Hilux ya kwanza.

"Weka swichi, boss. Usipige staata."

"Ya nini tena?"

"Nahesabu."

Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Mtu na mpira wake wakazima. Birika likabaki peke yake.

Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, Kimaiyo akiomba dua kwa sauti ndogo, hivyo hivyo. Ya nne pia.

Ya tano ilikuwa ya Mzee Kinyanjui, dereva mwenye mvi na kelele nyingi.

"Mathe, unatuchelewesha! Hii gari haijawahi kuniletea shida."

"Swichi tu, mzee."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Saba.

Nane.

Kumi na mbili.

Mtu alikuwa bado ameketi, mpira mapajani, birika likimng'aria kando.

Jasho lilimtoka Nasimiyu mgongoni, asubuhi ile ya baridi ya ziwani. "Mzee, nenda ukojoe," alisema polepole. "Safari ni ndefu. Ufunguo uache hapo."

"Umejuaje?" Kinyanjui aliuliza, akaenda.

Alilala kifudifudi chini ya dashibodi upande wa abiria, tochi ya simu mdomoni, kama fundi anayetafuta fyuzi. Kifuniko kilitoka kwa skrubu mbili. Pale palipopaswa kuwa na airbag, kisanduku cheusi kilikuwa kimekaa raha mustarehe. Nyaya mbili zikitoka. Kando, waya mwembamba wa taa ulikuwa umeungwa, na kiungo hakikufungwa kwa tepu. Kilifungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli.

Umezungushwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Mafundi wanaofunga kwa tyubu ni wengi. Wanaofunga kwa tyubu na ni mashoto, alimjua mmoja.

Alifumba macho. Kwa muda wa pumzi mbili hakuwa jasusi wa mtu yeyote.

"Nasimiyu," Jamleck alisema sikioni. "Koti la kijivu amesimama. Anaangalia hiyo gari ya tano. Nimalizane naye?"

"Usimguse. Kidole chake kina kasi kuliko wewe."

Saa moja na dakika ishirini na sita.

Kama kisanduku kilikuwa na betri yake ndani, kukata nyaya kungeweza kuwa ndio kulilipua. Kama kilikuwa kinakula moto wa betri ya gari, ilitosha kukinyima. Kwa macho huwezi kujua. Aliyejua ni aliyekifunga. Kumpigia kulikuwa kumtia kitanzi, kwa laini iliyokuwa ikimeza kila neno. Kutompigia kulikuwa kubahatisha, na ng'ambo ya ukuta sauti za watoto zilikuwa zikipita zikiimba wimbo wa gwaride.

Akapiga.

"Nasi!" Sauti ya Masinde ilikuwa na furaha na spana nyuma yake. "Umeamka mapema. Umekula?"

"Kaka, simu hii inarekodiwa."

Spana zikanyamaza.

"Hilux nyeupe," Nasimiyu alisema. "Mtu umemfunga kwa birika."

Spana moja ilianguka sakafuni.

"Niko ndani yake sasa hivi. Nimelala chini ya hicho kitu."

"Toka!" Masinde alipiga yowe. "Nasi, toka hapo!"

Neno hilo moja lilimwambia yote. Mtu asiyejua angeuliza, 'Kitu gani?' Hakuuliza.

"Ulijua."

"Kina ukubwa wa mkate, lakini nilijua si mkate. Walisema ni cha kunasa maongezi ya wakubwa. Sikufungua. Nasi, sikutaka kujua."

"Moto uliutoa wapi?"

"Toka kwanza."

"Moto, kaka! Uliutoa wapi? Kina betri yake?"

Lori lilipita barabarani, likatetemesha vioo.

"Fyuzi ya airbag," Masinde alisema, akipumua kama aliyekimbia. "Hakina betri. Nilikipima mwenyewe. Bila swichi kimekufa. Swichi iko wapi sasa?"

Nasimiyu aliinua macho. Pale juu mtu na birika walikuwa wakiwaka bado.

"Iko on."

"Mungu wangu. Zima."

Alinyoosha mkono, akazungusha ufunguo. Mtu akazima. Birika likazima. Akauchomoa ufunguo, akafungua boneti, akalegeza terminali ya betri, hasi kwanza, kama alivyofundishwa.

"Nimezima."

"Asante Yesu." Kisha, taratibu: "Watakuja, eh?"

"Usitoroke."

"Nitoroke niende wapi na hii mikono ya grisi? Nanawa, nangoja."

Nasimiyu alikata simu. Akapaza sauti mpaka ng'ambo isikie: "Mzee Kinyanjui! Betri imekufa! Hii gari haiendi leo!"

"Shetani!" Kinyanjui alijibu kutoka chooni.

Kwenye kibanda cha chai, koti la kijivu alichukua simu ya pili. Akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena, uso ukielekea yadini, bega moja likiwa limejikunja kungoja mshindo. Kitu kilichosikika ni jogoo.

Jamleck aliketi karibu naye, akiwa na andazi la nne mdomoni na pingu mkononi.

"Boss," alisema, "mteja wa nambari hiyo hapatikani kwa sasa."

*

Saa mbili kamili wataalamu walikuwa wamekibeba kisanduku. Hilux tano zilikwenda kazini zikiwa zimechelewa, na huko Olkaria mvuke uliendelea kupanda kama kawaida.

Wamuyu alipiga.

"Ile simu yako ya saa moja na dakika ishirini na sita," alisema. "Nimeisikiza. Kuna lori limepita, sauti hazisikiki vizuri. Hilo neno 'kaka', kila mtu humwita mtu kaka. Jina halikutajwa. Na namba ya uliyempigia, Nasimiyu, kwa rejista wakati mwingine huandikwa vibaya."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Ilibaki apite tu, anyamaze.

Aliangalia ng'ambo. Watoto wa mwisho, wale wa kuchelewa kila siku, walikuwa wakikimbia na mabegi yakiwapiga mgongoni.

"Masinde," alisema, kila silabi kivyake. "Gereji ya Shabab, geti la kijani. Ni mashoto. Alijua si mkate, akafunga. Na ndiye ameniambia pa kuzima. Andika yote mawili."

"Nimeandika. Natuma gari."

"Usitume. Naenda mimi."

"Una uhakika?"

"Watu wako watambana mkono wa kushoto. Ndio anaotegemea."

Hakungoja jibu. Alivua ovaroli, akaitundika kwenye kioo cha Hilux ya Kinyanjui, akaweka pingu za akiba za Jamleck mfukoni. Kisha akavuka barabara kuelekea Subaru, bila haraka, kama mtu anayeenda kununua maziwa. Madereva wa bodaboda walimpigia mluzi. Hakugeuka.

Aliweka swichi, akahesabu mpaka sita, mtu na mpira wake wakalala wenyewe, ndipo akapiga staata.