Ng'ombe wa Ndila Katika Boma la Bartholomew

"Hizi ng'ombe ni zangu," Ndila alisema, mkono ukiwa bado kwenye lango la Bartholomew.

Wageni wa serikali waliokuwa wakinywa chai uani waligeuka. Mwenyekiti wa kijiji, Bartholomew, ambaye Kathiani nzima ilijua anafuga kuku tu, alicheka akawaambia kwamba kiangazi kimevuruga watu akili.

Asubuhi ile Kitheka, mchumba wa Ndila na afisa wa mifugo wa sehemu hiyo, alikuwa amewachukua ng'ombe wawili wa Ndila akisema wanapelekwa chanjo. Ndila hakuuliza. Ungemuuliza nini mwanamume atakayekuoa Desemba? Lakini ndama aliachwa nyumbani, akalia mpaka mchana, ndipo Ndila akatoka kumtafutia mama yake. Kwenye josho hakukuwa na mtu. Jirani ndiye aliyemwelekeza huku.

Sasa alielewa. Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku ya lishe kwa wafugaji wa maziwa waliopigwa na ukame, na wageni hawa walikuja kukagua ng'ombe wa walioomba. Ndila aliomba, na Kitheka mwenyewe akamletea jibu kwamba ng'ombe wawili ni wachache mno. Hata machozi alimfuta.

Mama aliyewaongoza wageni alimgeukia Kitheka, aliyekuwa amesimama kando ya ng'ombe.

"Afisa, wewe ndiye unajua watu wa hapa. Hizi ng'ombe ni za nani?"

Kitheka alimtazama Ndila, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Ni za mzee Bartholomew."

Ndila aligeuka akatoka. Aliteremka bondeni, akapanda hadi kwao, akarudi akimvuta ndama kwa kamba. Alipomwachilia langoni, ndama alikimbia moja kwa moja mpaka chini ya ng'ombe mwekundu, akaanza kunyonya kwa pupa huku mama yake akimlamba mgongo.

Yule mama wa serikali aliweka kikombe chini.

"Mzee, ruzuku hii huipati," alisema. "Na wewe afisa, tutaonana ofisini."

Jioni simu ya Ndila ililia. Ujumbe ulisema: "Nisamehe mpenzi. Mzee aliahidi kutusimamia harusi. Nilifanya hii kwa sababu yetu."

Akajibu: "Kwangu ng'ombe mbili zilikuwa kidogo. Kwa Bartholomew zikatosha?"

Jumapili Kitheka alikuja mwenyewe. Alisema amesimamishwa kazi, akamtupia Bartholomew lawama zote, akalia. Ndila alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe yangu ya tatu ilikufa na njaa wewe ukiwa umeishika kichwa," alimwambia. "Ulijua shida yangu. Na bado ukanifanya mwongo mbele ya watu."

"Niko na makosa, Ndila. Lakini nakupenda."

"Sijakataa. Ndiyo maana inauma."

Mama yake Ndila alishauri wazee wangojewe walimalize jambo hilo. Ndila alikataa. Aliwafungua mbuzi wa ntheo, wale ambao watu wa Kitheka walileta walipomposa, akawaswaga mchana kweupe kupita sokoni hadi kwa kina Kitheka, watu wakitazama. Mama Kitheka alipotoka kuuliza mwanawe amekosa nini, Ndila alimweleza yote.

Mama yule hakumtetea mtoto wake. Alikwenda akafungua zizi kwa mkono wake mwenyewe.

"Waingize, mwanangu," alisema. "Aibu ni yetu, si yako."