Barua Iliyowekwa Chini Kabisa

Jumamosi hiyo ya mwaka 1953 duka la Kemboi, diwani wa mji, lilikuwa limefurika. Lilikuwa duka la kwanza la Mwafrika pale Nakuru lenye nguo upande huu, viatu kule na vyombo ghorofani, na mteja aliruhusiwa kujaribu kabla ya kununua. Msichana mwenye gauni la buluu na kitambaa cheupe kichwani alishika kiatu, haamini.

"Kweli naweza kuvaa?"

"Vaa vyote, mama," Kemboi alimjibu. "Ukichoka nitakuletea kiti."

Aliitwa Wangare, Mkikuyu, yaya kwa Mzungu mmoja. Tangu siku hiyo simu ya duka haikupumzika.

"Naomba memsahib, bibi wa nyumba," Kemboi alikuwa akisema.

"Ametoka," Wangare alijibu.

"Afadhali! Basi naomba yaya wake."

"Wacha mchezo, Bwana Diwani. Nitafutwa kazi!"

"Ukifutwa nitakuoa."

Walicheka, lakini Kemboi hakuwa anatania.

Udiwani ndio uliomponza. Hali ya hatari ya vita vya Mau Mau ilipochacha, Wakikuyu wa Nakuru walianza kurudishwa makwao kwa nguvu, akaachwa tu yule aliyedhaminiwa kwa barua ya diwani. Kemboi aliandika arobaini, za wauza viazi, mafundi viatu, wajane. Ya Wangare aliiweka chini kabisa, watu wasije wakasema diwani anaanza na kipenzi chake. Tena alijiona mwadilifu, masikini! Kabla hajaipeleka, ofisi ya serikali ikaacha kupokea barua.

Jumatatu moja asubuhi simu ililia.

"Niko stesheni, karani amenihurumia akaniazima simu. Umewaandikia wote, Kemboi. Mimi nilikukosea nini?"

"Mpenzi, yako ilikuwa ya mwisho..."

Simu ilikatwa.

Alikimbia, tai imerukia begani. Alimkuta kwenye dirisha la behewa, macho yamevimba, akamweleza yote bila kujitetea. Hasira zilimwisha Wangare usoni, na hilo lilimuuma Kemboi zaidi.

"Kumbe uliogopa maneno ya watu."

"Niliogopa. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini ungesema tu kwamba mimi ni wako."

Filimbi ikalia. Askari walikuwa pale, na nusu ya wateja wake. Kemboi akapaza sauti.

"Huyu ni mchumba wangu! Wangare ni mchumba wangu!"

Watu wote waligeuka. Hakuna aliyecheka, wala aliyenong'ona. Mama mmoja muuza viazi alijifuta machozi kwa leso.

Treni ilikuwa imeshaanza kuondoka.

"Nimesikia!" Wangare alipiga kelele, akitabasamu na kulia. "Kemboi, nimesikia!"