Karatasi ya Jumatatu ya Kwanza

Saa sita kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili, king'ora kililia juu ya paa la kituo cha zimamoto. Hakikutangaza moto. Kilikuwa kikijaribiwa, ili ijulikane kwamba siku ya moto kitalia. Lakini kwa miaka mingi watu wa Bonde la Sorrel walikuwa wamekigeuza kuwa saa ya chakula. Wakulima wa ngano walizima matrekta, Bi. Hedvig Lofgren aliepua sufuria, na wanafunzi walifunga vitabu kabla mwalimu hajasema neno. Hapakuwa na mtu aliyejiuliza kama kilichokaa chini ya king'ora kilikuwa kizima kama king'ora chenyewe.

Marit Tvedt, msichana wa miaka kumi na miwili, aliishi na babu yake, Mzee Orrin, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho. Kikosi kilikuwa cha watu wa kujitolea: wakulima, wafugaji na dereva wa basi la shule. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja jioni, walikutana kituoni kwa ajili ya mazoezi. Marit alifuatana na babu yake kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote kikosini, na karatasi ya mahudhurio, ambayo nakala yake ilipelekwa kaunti, ilipaswa kusomeka.

Karatasi hiyo ilikuwa na safu tatu: jina, sahihi, na zoezi lililofanyika. Safu mbili za kwanza zilijazwa na watu wazima, upesi, kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa na pai ya tufaha.

"Babu, nijaze nini leo?" Marit aliuliza jioni moja ya mwezi wa Juni.

"Andika pampu."

"Mwezi uliopita niliandika pampu."

"Basi tumeizoea. Andika saa mbili."

"Na ngazi pia," alidakia Waylon Pruitt, dereva wa gari la zimamoto, kinywa kimejaa. "Si umemwona babu yako akipanda kabatini kutafuta sukari? Huo ni uokoaji, bwana!"

Wote wakacheka. Marit akaandika: Pampu, saa mbili. Alijua kwamba si kweli, kwa namna ile ambayo mtoto hujua jambo ambalo watu wazima wote chumbani wanalijua na hawalisemi. Aliyeijua pampu ya gari hilo alikuwa Mzee Sixten peke yake, naye alikuwa amezikwa majira mawili ya baridi yaliyopita. Tangu siku hiyo gari lilioshwa, likang'arishwa, likaongoza maandamano ya sikukuu ya Julai, na halikutoa tone la maji.

Mwezi wa Agosti radi isiyo na mvua ilipiga ghala la nyasi la Bi. Hedvig. King'ora kililia saa tisa alasiri, na kwa dakika tisa tu Waylon alikuwa amekwisha kufika na gari. Hilo lilikuwa jambo la kusifiwa. Alivuta kila kilichovutika, akabonyeza kila kilichobonyezeka. Injini ilinguruma. Mpira wa maji ulilala majanini, bapa kama ngozi ya nyoka aliyekwisha kwenda zake.

"Waylon, maji yako wapi?" Bi. Hedvig alipiga kelele.

"Yamo ndani, Bi. Hedvig!"

"Ndani ya nini?"

Ghala liliungua mbele ya tangi lenye lita elfu nne za maji, na ndani yake akafa farasi mzee ambaye Bi. Hedvig alikuwa amemlea tangu akiwa mtoto.

Juma lililofuata, madiwani watatu wa kaunti walikuja kufanya kikao katika ukumbi wa shule. Mwenyekiti wao, Bi. Lenore Haskett, alikuwa na jalada nene. Alilifungua kwa uangalifu wa mtu anayeamini karatasi.

"Kwa mujibu wa kumbukumbu," alisema, "Bwana Pruitt amefanya mazoezi ya pampu mara ishirini na mbili katika miaka miwili. Mtu aliyefunzwa mara ishirini na mbili akashindwa kufungua maji ni mzembe, au siku hiyo alikuwa amelewa. Napendekeza aondolewe, na jambo lake lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Kikosi chenyewe kiendelee na kazi. Kumbukumbu zake ni safi mno."

Waylon aliinamisha kichwa. Angesema kwamba hakufunzwa, angeulizwa ni nani basi aliyetia sahihi ishirini na mbili. Wenzake walitazama viatu vyao. Mzee Orrin aliizungusha kofia yake mapajani, ukingo kwa ukingo, kana kwamba alikuwa ameandika humo maneno ya kusema na sasa hayaoni. Kando ya Marit alikaa Judd, mtoto wa Waylon, aliyesoma naye darasa moja. Masikio yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akijitahidi kutolia.

Marit aliinua mkono.

"Watoto hawasemi katika kikao hiki," diwani mmoja alisema.

"Mwache. Una nini, mwanangu?" aliuliza Bi. Haskett.

"Huo mwandiko ni wangu."

"Ni mzuri sana. Hongera."

"Hakukuwa na pampu," alisema Marit. "Kulikuwa na pai. Mara zote."

Hakuna aliyecheka. Mzee Orrin aliacha kuizungusha kofia. Kisha, kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia, akasema, "Mtoto amesema kweli."

Hadithi za namna hii kwa desturi humpa mtoto mkweli makofi mahali kama hapa. Marit hakupigiwa makofi. Siku ya tatu baada ya kikao kampuni ya bima iliandika kwamba haiwezi kuwakinga watu wasiofunzwa. Bila bima, sheria haikuruhusu gari litoke. Siku ya tano mtumishi wa kaunti alitia kufuli kwenye mlango wa kituo, akabandika tangazo, akaukata umeme wa king'ora. Kila nyumba ilipelekewa barua: ukitokea moto, pigeni simu Lorne. Lorne ni mji ulio maili arobaini na moja kutoka kwetu, na nusu ya njia hiyo ni mlima.

Kaunti ilichukua hatua. Hatua ya kwanza ilikuwa kuunda kamati ya kuchunguza hatua za kuchukua. Kamati ilikutana mara moja, ikapanga siku ya kukutana tena. Lorne waliombwa waweke gari lao moja bondeni; wanasheria wao walitaka kujua, gari lao likianguka mlimani, litakuwa limeangukia katika kaunti ya nani. Majani yalizidi kukauka.

Saa sita za mchana zikawa zinapita kimya. Watu walichelewa kula, na kila walipochelewa walikumbuka ni kwa sababu ya nani.

"Haya, Bi. Mkweli," mvulana mmoja alimwambia Marit shuleni, "nyumba yetu ikishika moto utakuja kuuzima kwa penseli?"

"Mwache," alisema Judd. "Baba yangu angekuwa mahakamani sasa hivi."

"Wewe nyamaza, mwana wa pai!"

Judd peke yake aliendelea kukaa naye. Nyumbani, babu alikuwa akisema maneno matatu au manne kwa siku, yote ya lazima: chumvi, mlango, lala. Hakumkaripia. Marit aliona ingekuwa afadhali angemkaripia.

Katikati ya Septemba, siku ya upepo, cheche iliruka kutoka kwenye mashine ya kuvunia ngano ikaangukia mabua. Ilikuwa saa nane mchana. Simu iliita nyumbani kwa Mzee Orrin; aliisikiliza, akaiweka chini.

"Moto unaelekea kwa akina Pruitt," alisema.

Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia seng'enge akaingia garini, na Marit akaruka ndani kabla mlango haujafungwa. Hawakwenda kwa akina Pruitt. Walikwenda kituoni. Mzee Orrin aliutia mkasi kwenye kufuli, akakaza mikono yote miwili. Kupitia dirishani gari jekundu lilionekana, safi, tangi limejaa.

Kisha mikono ikalegea.

"Kata, Babu!" alisema Marit. "Kata!"

"Nikilitoa, nitafanya nini nalo?"

"Tutajaribu!"

"Waylon alijaribu." Alikuwa akilitazama gari, si mjukuu wake. "Miaka miwili, Marit. Jumatatu ishirini na mbili. Kila mara nilikuambia andika pampu, na sijui hata pampu yenyewe inaanzia wapi."

Akautupa mkasi chini, akachukua magunia mawili kutoka nyuma ya gari lake, akayalowesha kwenye mfereji wa barabarani. Wakaenda na magunia.

Majirani walikuwa wamekwisha kufika na plau zao, wakikata udongo kuuzuia moto usivuke barabara. Waliliokoa shamba la jirani na ghala la nafaka. Nyumba ya akina Pruitt hawakuiokoa. Gari la Lorne lilifika baada ya dakika hamsini na nne. Watu wake walirusha maji juu ya mawe ya msingi, wakaomba radhi, wakaanza safari ya kurudi. Mama yake Judd alisimama barabarani akiwa amekumbatia saa ya ukutani. Hakujua kwa nini alichukua hiyo na si kitu kingine.

Kesho yake shuleni, Judd alihamisha dawati lake hadi upande wa pili wa darasa. Marit aliutazama mgongo wake siku nzima, na siku zilizofuata.

Katika siku kumi na moja, kaunti ilikamilisha yale iliyokuwa imeshindwa kuyafanya kwa wiki tano. Bodi ya zamani ya kikosi ilivunjwa, wasimamizi watatu wakateuliwa, Lorne wakakubali kuweka gari lao moja bondeni, na suala la mlima likaonekana halina uzito kama ilivyodhaniwa. Lorne waliazimisha pia mwalimu, Kapteni Maite Echeverria, mwanamke mfupi asiyekula pai. Alipewa jukumu la kufunza kikosi kila Jumatatu, si ya kwanza tu, mpaka watu tisa wafaulu. Ndipo kaunti ingefungua kituo.

Siku ya kwanza aliwaongoza nyuma ya gari. "Nani atanionyesha vali ya tangi?"

Walitazamana.

"Vizuri," alisema. "Leo kuna ukweli wa kuanzia."

Vali ilikuwa chini ya ubao wa vipimo. Unaifungua, halafu unavuta kishikizo chekundu kisichozidi urefu wa kidole mpaka hewa yote itoke, ndipo maji huja. Hayo ndiyo yote. Zoezi lilichukua dakika nne kulieleza. Waylon Pruitt, aliyekuwa akiishi na familia yake kwenye karakana ya jirani, alisikiliza dakika zote nne bila kupepesa macho.

Mwanzoni mwa Novemba ukaja mtihani. Waylon alikuwa wa kwanza, akafaulu. Mzee Orrin, ambaye sasa hakuwa mkuu wa chochote, alikuwa wa mwisho. Aliijua vali, lakini vidole vyake vyenye baridi yabisi havikuweza kukivuta kishikizo. Alijaribu mara tatu. Kapteni alimgeukia Marit aliyeshika karatasi, kisha akasita.

"Andika," alisema Mzee Orrin. "Hakufaulu. Kwa mwandiko uleule mzuri."

Marit aliandika. Herufi zote zilisomeka.

Wengine walipoingia ndani, alibaki akisaidiana na Waylon kukunja mpira wa maji.

"Baba Judd," alisema Marit, "ningenyamaza, nyumba yenu ingekuwepo."

Waylon aliendelea kukunja. "Ungenyamaza, gari lingekuja. Mimi ningekuwa mahakamani, kwa hiyo angeliendesha mwingine, naye angevuta vyote nilivyovuta. Nyumba ingeungua vilevile, ila mke wangu angesimama hapo akiamini kwamba maji yanakuja." Akaukaza mpira kwa goti. "Usijibebeshe mzigo huo, binti. Nyumba yangu niliichoma mimi, kidogokidogo, sahihi moja kila mwezi. Uongo ulioandikwa vizuri haulali, unangoja siku ya haja. Wewe uliusema ukweli umechelewa, nasi watu wazima hatukuusema kabisa. Mwingine ukiujua, useme siku hiyohiyo, hata kama wote wanakula na kucheka."

"Judd haongei nami."

"Najua. Hilo siwezi kukuahidi."

Watu tisa walikuwa wamefaulu, wa tisa kwa shida. Kesho yake, saa sita mchana, king'ora kililia baada ya majuma kumi na moja. Darasani hakuna aliyefunga kitabu. Wanafunzi walikaa kimya mpaka mlio ukaisha, na Judd, upande wa pili wa darasa, akageuka akamtazama Marit mara moja, kisha akarudisha macho ubaoni.

Jumatatu iliyofuata theluji ilifunga barabara, na Kapteni Echeverria, aliyekuwa akiendelea kuwafunza, hakuweza kufika. Watu wanne tu walikuja kituoni, wakanywa kahawa. Mzee Orrin naye alikuwapo, amekaa karibu na jiko.

"Nijaze nini leo?" Marit aliuliza.

Watu wanne walimtazama babu yake, kwa mazoea. Yeye aliitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Tumefanya nini?" aliuliza.

Marit akaandika: Hakuna.